Kitambaa Cheupe cha Bi Madoa

Watu walimwita Bi Madoa, naye aliitika ingawa jina lenyewe hakulipenda. Kazi yake ilikuwa kusafisha viti vya ngozi vya magari, basi. Hakuosha bodi, hakung'arisha magurudumu, hakufungua boneti. Ukimwuliza kama anaweza kukupitishia kitambaa kwenye vioo pia, alikutazama kana kwamba umemwomba akukune mgongo, kisha akakuonyesha kwa kidevu waosha magari wa ng'ambo ya barabara. "Kule ndiko kwenu," alisema.

Banda lake lilikuwa nyuma ya kituo cha mafuta. Lilitosha magari mawili, lakini aliingiza moja moja, maana hakutaka wateja wawili wakutane waanze kupeana ushauri. Sakafu ya saruji aliifagia mpaka ikawa inateleza. Kwenye rafu kulikuwa na chupa za povu la kusafishia, kopo la losheni ya ngozi, brashi laini tatu, na chupa ndogo ya spiriti aliyoificha nyuma ya nyingine kama watu wanavyoficha sumu ya panya. Chini yake kulikuwa na rundo la vitambaa vyeupe, vimekunjwa pembe nne. Vitambaa hivyo ndivyo vilivyomjengea jina.

Kila mteja aliyeingia pale, avae tai au avae ndala, alisimamishwa mlangoni kwanza. Bi Madoa alilowesha kitambaa, akakikamua, akampangusa mtu pajani mara tatu bila kuomba ruhusa. Kisha alikifunua mbele ya macho ya mwenyewe. Kikiwa cheupe, ulipita. Kikiwa na ubuluu, ulibaki nje ya banda umesimama, na ulisubiri swali lake lile lile.

"Umeifua mara ngapi?"

Vijana walikuwa na jibu moja, utadhani wamefundishwa darasa moja: nikiifua itapauka. Bi Madoa alisonya msonyo mrefu wa kutosha mtu kuondoka na kurudi. Aliwaona watu wa ajabu kweli. Mtu ananunua jinzi mpya yenye rangi ambayo haijashika, anaivaa siku ya jua kali, anatoka jasho, anajibwaga kwenye kiti cha rangi ya maziwa, halafu anashangaa kiti kimeota makalio ya buluu. Jinzi mpya igeuze ndani iwe nje, aliwaambia, iloweke kwenye maji baridi yenye chumvi na siki kidogo, ifue, irudie, irudie tena mpaka maji yatoke masafi. Kabla ya hapo tandika shuka kwenye kiti chako, au tembea kwa miguu. Vijana waliitikia kwa kichwa na hawakufanya lolote. Mwezi uliofuata walirudi na makalio yale yale.

Lakini dharau yake nzito kabisa aliwawekea wale waliojitibu wenyewe kabla ya kufika kwake. Mmoja alimwagia doa dawa ya kung'arishia mashati, kiti kikageuka manjano na kukakamaa. Mwingine alichukua dawa ya mkewe ya kutolea rangi ya kucha. Doa lilitoka, kweli lilitoka, na rangi ya kiti ikatoka nalo, pakabaki kovu la ukubwa wa sahani. Bi Madoa alilitazama kovu lile, akamtazama na mwenye nalo.

"Hongera," alimwambia. "Umemtoa mgonjwa ugonjwa, na roho umeitoa palepale."

Nyani haoni kundule, alipenda kusema, akifungua kopo lake. Aliisema mara nyingi sana, na kila mara alikuwa na nyani wake mbele yake, amesimama na suruali yake mpya.

Wiki tatu kabla ya mambo haya, alijishonesha aproni mpya. Ile ya zamani ilikuwa imechakaa mpaka hujui ilizaliwa na rangi gani, na yeye aliona mtu wa heshima yake hawezi kuonekana na tambara. Alichagua kitambaa kizito cha jinzi, buluu iliyokolea ikakaribia weusi. Fundi cherehani alimtilia mfuko mpana mbele, akaupiga mshono mara mbili, na kifuani akamdarizia kwa uzi mweupe: FUNDI WA NGOZI. Ilimpendeza mno. Jioni aliitundika kwenye kiango, asubuhi aliipiga brashi kuondoa vumbi, na Jumapili aliipiga pasi. Maji hakuyakaribisha.

Sasa, pamoja na wateja wote hao, mtu aliyemdharau kuliko wote alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake wa pekee. Alikuwa dereva, mtu mpole, msemaji wa maneno machache, na upole wake ulimkera Bi Madoa kama kijiwe kwenye kiatu. Mdogo wake alifundisha watoto wa chekechea, na Jumamosi alikuwa akilala kidogo kupumzisha koo. Shemeji ndiye aliyefua. Alifua mashuka, alifua nguo za watoto, alifua suruali zake mbili za kazi, akaanika kwa mpangilio, kila soksi na mwenzake. Siku moja Bi Madoa aliingia bila hodi akamkuta na povu mpaka kwenye viwiko.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ya kusikika na jirani, "umeolewa au umeajiri?"

Mdogo wake alicheka. Shemeji naye alicheka, akasuuza mikono, akamletea kiti. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mtu unamtukana halafu anakuletea kiti, huyo utamfanya nini?

Shemeji alimwendesha daktari wa meno, mzee mmoja nadhifu kupita kiasi, mwenye gari kubwa la viti vya rangi ya maziwa. Mtu mwenye akili hanunui viti vya rangi hiyo, lakini Daktari alizoea kuangalia vitu vyeupe kutwa nzima na hakutaka kupumzika hata barabarani. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi, gari lililetwa kwa Bi Madoa lisafishwe viti, lipakwe losheni na dawa ya kukinga madoa. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi alimpangusa shemeji yake pajani, na kila mara kitambaa kilitoka cheupe. Hakuwahi kumsifu kwa hilo. Alisema tu, "Pita."

Jumatatu moja, siku tatu tu baada ya zamu ya Ijumaa, gari lile liliingia bandani asubuhi bila taarifa. Daktari mwenyewe alikuwa kwenye usukani. Shemeji alikaa pembeni yake, mikono magotini, kama mgonjwa anayesubiri kung'olewa jino.

"Njoo uone," Daktari alisema, akafungua mlango wa nyuma, upande wa kushoto.

Ukingoni mwa kiti, pale karibu kabisa na mlango, palikuwa na doa la buluu pana kama viganja viwili. Ndani ya doa ulipita mstari mmoja mnyoofu, umekolea kuliko kwingine. Na juu ya vyote palikuwa na ukungu mweupe uliokauka, unanukia mnanaa.

Bi Madoa aliinama akanusa. "Umepaka nini hapa, Daktari?"

"Dawa ya meno. Inang'arisha."

"Inang'arisha meno. Hiki ni kiti." Hakungoja jibu. "Ina mchanga ndani yake, Daktari. Umekuwa ukikikwaruza. Kikiota meno, nitakuita."

Daktari alikohoa. Hakuzoea kusemeshwa hivyo, lakini kwa mambo ya viti alikuwa mpole kama wagonjwa wake. Alieleza kwamba gari lilitoka kwa Bi Madoa Ijumaa jioni likiwa safi. Kwake geti lilikuwa limebomolewa lijengwe upya, kwa hiyo alimwambia dereva alale nalo kwake mwisho wa wiki. Leo asubuhi amefungua mlango wa nyuma aweke mkoba, akakuta hivyo. Yeye hakukaa nyuma, wala mkewe.

"Nilimwambia asilitoe nyumbani na asimpandishe mtu," alisema. "Nataka kujua kitu kimoja tu. Gari langu limekaliwa au halikukaliwa? Wewe ndiye unayejua madoa, na neno lako nitalifuata. Kama limekaliwa, kesho saa nne atanirudishia funguo hapa hapa, na kila mtu ashike njia yake."

"Sikumpandisha mtu, Daktari," shemeji alisema. "Sikulifungua hata mlango."

Bi Madoa alichukua kitambaa, akakilowesha, akampangusa shemeji yake paja la kulia mara tatu. Suruali ilikuwa ile ile ya kazi, imefuliwa mara nyingi mpaka weusi wake umekuwa kijivu. Kitambaa kilitoka cheupe.

"Cheupe," Daktari alisema.

"Hii ni ya leo," Bi Madoa alijibu. "Ya Jumamosi iko wapi?"

Daktari aliinama tena kwenye kiti. Alikuwa mtu wa kuchunguza, hata kama alichunguza na dawa ya meno mkononi. "Lakini mbona limekaa ukingoni tu? Katikati hakuna kitu, wala kwenye mgongo wa kiti."

Swali hilo lilikuwa la maana. Mtu aliyekaa kitini huacha rangi katikati, huacha na mgongoni. Ukingo peke yake haukaliwi. Bi Madoa alikuwa na miaka kumi na tisa kwenye kazi hii, na angeulizwa hivyo kuhusu gari la mtu baki, angepiga magoti akaliangalia doa lile mpaka liseme lenyewe. Lakini mbele yake alisimama shemeji yake, kimya, na ule upole wake. Jibu lilimjia mdomoni limeshaiva.

"Alifungua mlango akakaa miguu nje," alisema. "Anapiga soga na majirani, wamwone na yeye ana gari. Watu wa namna hii wakipewa kitu cha mwenzao kwa siku mbili hawalali. Alivaa jinzi yake mpya ya kujionyeshea, na huu mstari hapa ni mshono wa suruali."

Shemeji alimtazama. "Shemeji, uliniona?"

"Sikuhitaji kukuona. Ngozi haisemi uongo."

Daktari alivuta pumzi, akatikisa kichwa kwa huzuni ya mtu aliyekuwa anatumaini vinginevyo. Alisema basi, kesho saa nne. Akaondoka kwa miguu kutafuta teksi, na shemeji akaondoka upande mwingine, mwendo wake ule ule wa polepole. Bi Madoa alimsindikiza kwa macho na akaona raha. Si raha kubwa, lakini raha. Miaka yote alikuwa akisema yule mtu ana lake jambo, na leo limeonekana.

Akaingia kazini. Kwanza aliifuta ile dawa ya meno kwa maji ya uvuguvugu, akimsema Daktari peke yake. Kisha akatia povu kwenye brashi, si kwenye kiti, maana wapumbavu ndio wanaomwagia kiti. Alizungusha brashi kidogo kidogo, akapangusa kwa kitambaa, kitambaa kikatoka na ubuluu, akageuza upande, akarudia. Mara ya nne doa lilibaki kivuli. Hapo ndipo alipoitoa chupa ya spiriti. Aliijaribu kwanza chini ya kiti, pasipoonekana, akahakikisha rangi ya ngozi haiondoki. Akachovya pamba iliyozungushwa kwenye kijiti, akagusa doa kutoka pembeni kwenda katikati, kila mguso pamba mpya, mkono mwepesi. Kufikia saa nane ule mstari ulikuwa umekwisha, na ukingo wa kushoto ulikuwa mweupe kama siku ya kwanza.

Akazunguka upande wa kulia ili akipake kiti chote losheni. Alikuwa ameshakipangusa kwa povu na bado kilikuwa na unyevu. Ndipo mdogo wake alipoingia, bado na chaki mikononi.

"Dada."

"Najua kilichokuleta."

"Jumamosi alikuwa anafua," mdogo wake alisema. "Jumapili alikuwa anapiga pasi. Gari lilikuwa uani limefunikwa turubai, na watoto aliwakataza hata kuligusa. Hana jinzi, dada. Hata moja. Mwulize yeyote."

"Mwanamume mzima hana hata jinzi moja," Bi Madoa alisema. "Huyo naye."

"Mwambie Daktari huna hakika. Sikuombi useme uongo. Sema tu huna hakika."

"Nina hakika."

Tangu utoto mdogo wake alikuwa mtu wa kumeza maneno ya dada yake, na alikuwa ameyameza mengi. "Una hakika na doa, au una hakika na mume wangu?"

Bi Madoa alimpa mgongo. Aliegemea ndani ya gari, akalala kwa tumbo kwenye ukingo wa kiti ili mkono ufike katikati, akaanza kusugua losheni kwa nguvu kuliko inavyohitaji losheni. Tumbo lilikandamiza ukingo, na yeye alizidi kukandamiza.

"Miaka yote hii umemtukana na hajakujibu," mdogo wake alisema nyuma yake. "Alikuwa ananiambia, mwache, ni dada yako, ndiye aliyekulea. Akifukuzwa kwa neno lako, dada, mimi kwako siji tena. Nakwambia mapema usije ukasema hukuambiwa."

Alipogeuka, mdogo wake alikuwa ameshatoka. Bi Madoa alisonya, ila msonyo ulikuwa mfupi. Alipaka viti vyote, akafunga milango ya gari, akafunga banda kwa kufuli. Funguo zote akazivaa shingoni kwa kamba, chini ya blauzi, kama kawaida yake gari likilala kwake.

Kesho yake alifika saa mbili na nusu, akavaa aproni yake, akafungua milango ya gari yote minne hewa ipite. Alianzia upande wa kulia.

Ukingoni mwa kiti palikuwa na doa la buluu.

Alisimama pale, mdomo wazi. Jana ukingo ule ulikuwa mweupe, na hilo angeliapia mahakamani. Alifanya alichokifanya maisha yake yote: alitafuta mtu. Alimwita kwa sauti mlinzi wa kituo cha mafuta, akamwuliza amelala ndani ya gari la watu na nani. Mzee yule alikuja na kikombe cha chai, amevaa sare yake ya kaki. Bi Madoa akampangusa paja mara tatu. Kitambaa kilitoka na vumbi la kahawia.

"Mama," mlinzi alisema bila hasira, "banda lina kufuli, na ufunguo naona kamba yake hapo shingoni kwako. Mimi ningepita wapi, kwenye bomba?" Akanywa chai yake, akaenda zake.

Bi Madoa alipiga magoti. Safari hii hakukuwa na shemeji wa kumtazama, akatazama doa. Lilikuwa pana kama viganja viwili. Ndani yake ulipita mstari mnyoofu, umekolea, na ukiutazama kwa karibu haukuwa mstari mmoja. Ilikuwa miwili iliyokaribiana, kama mshono uliopigwa mara mbili. Alishusha macho polepole mpaka kwenye mfuko wa aproni yake. Akasogea, akaegemea kiti kama jana, akainuka. Mdomo wa mfuko ulikuwa umekaa juu ya mstari ule sawasawa, kama kifuniko na sufuria yake.

Alichukua kitambaa kipya kutoka kwenye rundo, akakilowesha, akakikamua. Alijipangusa mara tatu, akakifunua. Wateja wote wa miaka kumi na tisa hawakuwahi kumtolea kitambaa kilichoiva buluu namna ile.

Aliketi kwenye kigoda. Ijumaa alilala kwa tumbo ukingo wa kushoto, kiti kikiwa na unyevu. Jana alilala ukingo wa kulia. Magari mengine yote ya wiki hizo tatu yalikuwa na viti vyeusi, na vyeusi havionyeshi ubuluu. Mganga hajigangi, watu husema, lakini yeye hakuwa hata amejipima. Aibu ilimpanda kutoka tumboni mpaka masikioni, na kwa sababu hakuizoea, mwanzo aliidhania hasira.

Ilikuwa saa tatu. Doa lilikuwa bichi, halijalala hata siku mbili. Povu mara tatu, spiriti kidogo, nusu saa lingekuwa limekwisha, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Mkono ulishafika kwenye rafu. Alichukua brashi, akachukua chupa. Mlinzi je? Mlinzi anajua nini? Daktari akiuliza, angesema viti vyote viko safi, na ile habari ya miguu nje ilikwisha kusemwa, haina haja ya kurudiwa. Ingetosha kunyamaza. Uongo wa pili ulimjia wenyewe, laini kuliko ule wa kwanza, na hapo ndipo alipoogopa. Ule wa kwanza alikuwa ameusema kwa raha, bila hata kujua kwamba ni uongo. Huu angeusema akiujua.

Una hakika na doa, au una hakika na mume wangu?

Akairudisha chupa nyuma ya nyingine. Akakaa akangoja, na aproni yake mwilini.

Saa nne kamili Daktari aliingia. Shemeji alimfuata hatua mbili nyuma, na suruali yake ya kijivu, funguo za akiba mkononi. Kwenye funguo zile kulikuwa na kitambaa kidogo cha kushikia, na Bi Madoa aliona kwamba kimefuliwa na kupigwa pasi. Mtu anakwenda kufukuzwa, anafua kishikio. Jana angemcheka.

"Limetoka?" Daktari aliuliza.

"La kushoto limetoka," Bi Madoa alisema. Akasimama. "Shemeji, chukua kitambaa pale."

"Cha nini, Shemeji?"

"Kiloweshe, ukikamue. Unipanguse. Hapa, mfukoni."

Shemeji alimtazama Daktari, akakitazama kitambaa. Alikwenda akakilowesha, akakikamua vizuri kama mtu aliyezoea kukamua nguo, akampangusa mara moja, kwa mkono mwepesi, kama anayemfuta mtoto tope la shule.

"Mara tatu," Bi Madoa alisema. "Mimi nawafanyia watu mara tatu."

Akapangusa tena, na tena. Kitambaa hakikuhitaji kufunuliwa. Ubuluu ulikuwa umeshatokeza upande wa pili. Bi Madoa akawafungulia mlango wa kulia.

"Hili ni la jana," alisema. "Gari lililala humu kwa kufuli, funguo nilizivaa mimi. La jana ni langu, na la Ijumaa ni langu. Gari lako halikukaliwa na mtu, Daktari. Lililaliwa na mimi, kwa tumbo."

Daktari alitazama doa, akatazama mfuko, akatazama doa. "Na ile habari ya miguu nje? Na majirani?"

"Niliitunga."

"Uliitunga."

"Nilimtazama yeye. Kiti sikukitazama."

Daktari alimpandisha na kumshusha kwa macho, kutoka utosini mpaka kwenye viatu, taratibu, kisha mdomo wake ukabetuka kidogo upande mmoja. Bi Madoa alilijua jicho lile. Lilikuwa lake. Alikuwa amewapa watu jicho hilo miaka kumi na tisa, na hakuna aliyemwambia kwamba linauma.

"Funguo kaa nazo," Daktari alimwambia dereva wake. "Na nisamehe, bwana." Akatoka nje kusimama juani, kama mtu anayehitaji hewa.

Wakabaki wawili. Bi Madoa alingoja. Alijua anachostahili kuambiwa na alikuwa tayari kukisikia. Yeye mwenyewe angekisema, na angekisema vizuri. Shemeji alikuwa anakunja kile kitambaa pembe nne, uchafu ukiwa ndani. Alikiweka kando ya rafu, mbali na vile visafi. Kisha akashika pindo la aproni, akalisugua kati ya vidole viwili, akaangalia vidole vyake.

"Shemeji," aliuliza, na hakukuwa na kejeli hata chembe, aliuliza kama fundi anavyomwuliza fundi, "umeifua mara ngapi?"

"Sijaifua."

"Hata mara moja? Kwa nini?"

Bi Madoa alifungua mdomo. Jibu lilikuwepo moja tu, nalo likatoka.

"Itapauka," alisema.

Shemeji aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama amesikia sababu nzuri. Akanyoosha mkono.

"Basi lete," alisema. "Jumamosi nafua."

Bi Madoa akafungua kamba za mgongoni, akaivua pale pale, akampa.